Kucha nyeusi na vidole vyenye ganzi: raba za kukimbilia huchaguliwaje?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nilianza jogging na kikundi cha mtaani Jumamosi asubuhi, sasa nimenogewa na nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Navaa namba 39 tangu nikiwa sekondari. Nilinunua raba za mtumba pale Karume, za kampuni kubwa, zinaonekana kama mpya. Zilibana kidogo, muuzaji akasema zitafunguka. Sasa kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nyeusi, na nikifika kama kilomita ya sita vidole vya mguu wa kulia vinakufa ganzi. Nilienda duka moja mjini, wakanikanyagisha karatasi na mguu uliolowa maji, wakasema nina miguu bapa na lazima nichukue kiatu maalumu cha kuuzuia mguu usilalie ndani, laki nne na themanini. Kocha wetu anasema nitafute zile za kaboni. Rafiki yangu anasema mtumba unatosha, babu zetu walikimbia peku. Nimsikilize nani? Pesa ninayo ila si ya kuchezea."*

Marahaba dada, na hongera kwa kunogewa. Umeuliza mambo manne kwa pamoja: kucha, ganzi, miguu bapa na pesa. La pesa nitaliacha mwishoni, maana ukishajua mguu wako unadai nini, madai mengine ya wauzaji yanaanguka yenyewe.

Niseme mapema ninachokiona kwenye maelezo yako. Raba zako ni fupi, na kwa dalili ya ganzi huenda ni nyembamba pia. Miguu bapa, kama kweli unayo, haigeuzi kucha kuwa nyeusi. Hivyo kiatu cha laki nne na themanini kikiwa cha namba ileile 39 kitakupa kucha nyeusi zilezile, tofauti itakuwa umezilipia zaidi.

Ngoja nieleze kinachotokea humo ndani. Ukiwa umekaa, wayo wako una urefu fulani. Ukisimama, uzito wa mwili unakandamiza upinde wa unyayo, wayo unarefuka kidogo na kutanuka. Ukikimbia, kila mguu unapotua unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako, kwa hiyo kule kurefuka kunaongezeka. Halafu kuna joto. Baada ya nusu saa ya kukimbia damu imeshuka miguuni, miguu imevimba, na kwa Dar es Salaam saa mbili asubuhi lami imeshaanza kuchemka. Kiatu kilichokutosha ukiwa umekaa kwenye stuli ya muuzaji sicho kiatu ulichonacho kilomita ya sita.

Sasa weka hesabu. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Tuchukue 170. Kwa saa moja kila mguu umetua mara 5,100. Kila ukitua, wayo unateleza mbele kidogo ndani ya kiatu kabla haujasimama, na kama mbele hakuna nafasi, kinachogonga ni ncha ya ukucha. Mgongano mmoja hata huusikii. Elfu tano, mara tatu kwa wiki, vinapasua vijishipa vya damu vilivyo chini ya ukucha. Damu inavuja, inakosa pa kutokea, inaganda, nawe unaiona nyeusi. Kiatu ambacho paa la mbele limeinama mno hufanya kazi hiyohiyo kwa kuukandamiza ukucha kutoka juu.

Na wewe unakwenda Moshi. Kilomita 21 za Kilimanjaro zinapanda kuelekea Mweka kisha zinarudi mjini kwa mteremko. Wageni wote wanaogopa ule mlima, lakini kwa vidole vya miguu balaa liko kwenye kushuka, kwa sababu kila hatua ya mteremko ni breki, na breki inausukuma mguu mbele. Ukishuka Mweka na raba hizo ulizonazo, sina haja ya kukutabiria.

Tuje kwenye namba. Unasema unavaa 39 tangu sekondari. Fungua ulimi wa kiatu, utakuta kibandiko chenye namba tatu au nne: US, UK, EUR na CM au JP. Watu wetu wanasoma hiyo ya Ulaya tu na kuishia hapo, nayo ndiyo inayodanganya zaidi kati ya kampuni na kampuni. Nitakupa mfano mmoja uuone. Nike za kike zilizoandikwa 39 kwa kawaida huandikwa pia CM 25. Adidas wana namba za theluthi, na ile yao ya 39 na theluthi moja huandikwa JP 245, yaani sentimita 24.5. Umeona? Namba ya Ulaya imepanda, sentimita zimeshuka. Ukichagua kwa 39 peke yake unabahatisha. Sentimita nazo ni makadirio ya kiwanda, si neno la mwisho, ila ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kuna jambo jingine ambalo duka halikukuuliza. Una watoto wawili. Watafiti wa Iowa, Marekani, walipima miguu ya wanawake mwanzoni mwa ujauzito na tena miezi kadhaa baada ya kujifungua, wakachapisha matokeo mwaka 2013: kwa wengi wao upinde wa unyayo ulishuka na wayo ukarefuka kwa milimita kadhaa, na mabadiliko hayo hayakurudi nyuma. Ujauzito wa kwanza ndio ulioonekana kuleta badiliko kubwa. Namba moja ya Ulaya ni kama milimita saba tu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba 39 ilikuwa yako kweli ulipokuwa sekondari, na sasa si yako tena. Hata "miguu bapa" uliyoambiwa unayo inaweza kuwa sehemu ya historia hiyohiyo, na si ugonjwa.

Pima upya, nyumbani, jioni, baada ya shughuli za siku. Weka karatasi kwenye sakafu ngumu, upande mmoja uguse ukuta. Vaa soksi unayokimbilia. Simama wima kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, na mwambie mwanao au mtu yeyote aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, penseli ikiwa wima. Usijipime mwenyewe kwa kuinama, uzito unahama na kipimo kinakuwa kifupi. Angalia pia kidole kirefu ni kipi, maana kwa baadhi ya watu ni cha pili, si gumba, na wengi wao hawajawahi kujua. Pima miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mmoja mkubwa kidogo. Huo mkubwa ndio utakaonunua kiatu, mdogo utabembelezwa na kamba.

Kipimo hicho ni cha mguu, si cha kiatu. Mbele ya kidole kirefu unataka nafasi ya kama sentimita moja hadi moja na nusu, takriban upana wa kidole gumba chako cha mkono. Mguu ukiwa na sentimita 24.6, ndani ya kiatu tafuta kama 25.6 hadi 26. Na usikisie kwa kubonyeza mbele ya kiatu tu, kwa sababu raba nyingi zina kizuizi kigumu pale mbele na ukibonyeza vidole hujikunja vyenyewe. Chomoa soli ya ndani, ile nyepesi inayotoka, iweke chini, ikanyage kisigino kikiwa kimekaa mahali pake, simama, kisha tazama. Kidole kirefu kiko wapi? Kama kimefika ukingoni, rudisha kiatu, hata kama rangi umeipenda. Kipimo hiki unaweza kukifanya dukani kwenye vigae au Karume juu ya turubai, na hakuna muuzaji atakayekukatalia.

Soli hiyohiyo inakueleza upana. Ukiwa umesimama juu yake, nyama ya pembeni karibu na kidole kidogo isimwagike nje. Ikimwagika, kiatu kinaibana, na hapo ndipo ganzi yako inapotokea. Kati ya mifupa mirefu ya mguu wa mbele kuna mishipa midogo ya fahamu inayokwenda vidoleni. Kiatu chembamba kinaikusanya mifupa hiyo pamoja, mguu unavimba ukikimbia, mishipa inabanwa, vidole vinakufa ganzi. Kwamba ni mguu wa kulia tu kunaniambia huenda wa kulia ndio mpana zaidi. Lakini kabla ya kulaumu upana, jaribu jambo moja la bure: legeza kamba. Watu wakiwa na kiatu kifupi au kisichokaa vizuri hukaza kamba mno juu ya wayo, na huko juu nako kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu kabisa na ngozi. Toa kamba kwenye jozi moja ya matundu, pale panapokuuma au panapokandamiza, ipitishe pembeni bila kuivusha juu, kisha endelea na jozi inayofuata. Kama ganzi itapungua, umejua chanzo.

Ukishaona ni upana kweli, kuna njia mbili. Baadhi ya kampuni, New Balance ikiwa maarufu kwa hilo, hutengeneza kiatu kilekile kwa upana tofauti na kukiandika kwa herufi: kwa wanawake B ni wa kawaida na D ni mpana, kwa wanaume D ni wa kawaida na 2E ni mpana. Hapa kwetu vya herufi si rahisi kuvipata. Njia ya pili ni kujaribu kiatu cha kiume. Kwa urefu uleule huwa kipana zaidi mbele, ingawa na kisigino nacho huwa kipana, kwa hiyo hakikisha hakikuvuki nyuma. Rangi ya bluu haijawahi kumzuia mwanamke kumaliza mbio.

Kuhusu "zitafunguka", naomba neno hili tulizike. Kitambaa cha juu hulainika kidogo, ni kweli, na ngozi hulainika zaidi, ndiyo maana msemo huu ulikuwa na maana kwa viatu vya shule vya zamani. Urefu wa raba unashikwa na soli, na soli hairefuki. Raba ya kukimbilia inatakiwa ikuridhishe siku ile ile unayoivaa, dakika ya kwanza.

Sasa hiyo karatasi na mguu uliolowa. Kipimo hicho kinapendwa kwa sababu kinaonekana cha kitaalamu na picha inabaki mbele ya macho. Kinachoonyeshwa ni umbo la unyayo wa mtu aliyesimama tuli. Hakisemi mguu unafanya nini ukikimbia, wala kama utaumia. Mguu kulalia ndani kidogo baada ya kutua ni jambo la kawaida, ndivyo mwili unavyopunguza mshindo. Hata wenye upinde mrefu hulalia ndani.

Jambo hili limepimwa kwa watu wengi, tena wa kukimbizwa kwa amri. Jeshi la Marekani lilichukua makuruta wa nchi kavu, wa anga na wa majini. Kundi moja likapewa viatu kulingana na umbo la unyayo, jingine likapewa aina moja ya kiatu bila kujali umbo. Matokeo yalichapishwa 2009 na 2010. Majeraha hayakupungua kwa wale waliochaguliwa viatu kwa unyayo. Kisha Denmark, utafiti uliochapishwa 2014, watu 927 wanaoanza kukimbia walipewa kiatu kilekile cha kawaida, kisicho na kizuizi chochote, wakafuatiliwa mwaka mmoja. Wenye miguu inayolalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine.

Sitakuficha upande wa pili. Luxembourg walipata mwaka 2016 kwamba viatu vyenye kizuizi viliwasaidia wakimbiaji, hasa wale ambao miguu yao inalalia ndani. Kwa hiyo si uongo mtupu. Ukivaa kiatu cha aina hiyo, kikakutosha, ukakipenda mguuni, na bei unaimudu, sitakukataza. Ninachokataa ni neno "lazima". Hakuna aliyekutazama ukikimbia, hukulalamika maumivu ya upinde wala ya kifundo, na shida uliyokuja nayo ni kucha. Kukuuzia kizuizi kwa tatizo la urefu ni kukutibu ugonjwa usio wako.

Basi uchague kwa kigezo gani? Kwa raha. Najua jibu hili linaonekana jepesi mno kwa mtu aliyetarajia vipimo, lakini ndilo ambalo watafiti wa viatu wenyewe wamelikaribia. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, aliyetumia maisha yake yote kupima miguu na viatu, alipendekeza na wenzake mwaka 2015 kwamba mwili unajua kiatu kinachoupa njia yake ya kawaida ya kwenda, na unakueleza kwa kusikia raha. Ushahidi haujakamilika, lakini hadi sasa hakuna kigezo kingine cha dukani kilichokishinda hicho.

Raha hiyo ipimwe ipasavyo. Nenda jioni na soksi zako. Vaa vyote viwili, funga kamba kabisa, simama, tembea, kisha toka nje ukimbie hata mita hamsini. Duka lisilokuruhusu kukimbia kidogo halikuuzii kiatu cha kukimbilia. Tafuta ngazi au mteremko ushuke, na usikilize vidole. Sikiliza kisigino: kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, jaribu kwanza kutumia lile tundu la juu kabisa ambalo watu huliacha wazi. Pitisha kamba humo upande uleule ili ibaki kipete kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila ncha kwenye kipete cha upande wa pili, vuta kuelekea nyuma na ufunge. Kisigino kinatulia bila kukaza juu ya wayo. Ukipata mahali popote panapochoma, panapokwaruza au panapokufanya ufikirie kiatu badala ya barabara, kivue. Na soksi zisiwe za pamba tupu. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo, na kwa unyevu wa pwani malengelenge hayachelewi.

Sasa mtumba. Mimi simkatazi mtu mtumba, nusu ya wakimbiaji wa mji huu wasingekuwepo barabarani bila Karume. Lakini ujue unachonunua. Kinachofanya kazi kwenye raba ya kukimbilia ni ile sponji ya katikati, kati ya soli ya chini na mguu wako. Ndani yake kuna vijipovu vya hewa visivyohesabika. Kila hatua inavibonyeza na vinarudi. Kadiri kilomita zinavyoongezeka kuta za vijipovu hivyo huchoka, sponji haiinuki tena. Kwa kawaida raba huhesabiwa kufa kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wa mtu na barabara. Gari la mtumba lina mita ya kilomita unayoweza kuitazama hata kama imechezewa, raba haina. Inaoshwa, inapigwa brashi, pembeni inapakwa dawa nyeupe, na juu inang'aa wakati katikati imeshakufa.

Kwa hiyo ukiwa pale chini ya mwavuli, acha juu, tazama kati. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba, kisigino cha kushoto na cha kulia: inatakiwa ibonyee na irudi, na zote mbili zijibu sawa. Ikiwa ngumu kabisa, au ina mikunjo mingi ya ulalo kama imeketiwa, iache. Weka vyote viwili kwenye ubao ulionyooka, chuchumaa, vitazame kwa nyuma. Kilichoegemea upande mmoja kilikwisha kuzoea mguu wa mtu mwingine, nacho kitakulazimisha utembee kama yeye. Tazama soli ya chini pia. Kulika kidogo pembeni ya nje ya kisigino ni kawaida, kulika hadi sponji kuonekana ni mwisho. Chomoa soli ya ndani, na kama ina mashimo ya vidole vya mwenye nacho wa kwanza, kiatu kimeenda mbali. Kisha soma kibandiko, kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Raba iliyokaa miaka saba au minane bila kuvaliwa si mpya. Gundi inakauka, na aina fulani ya soli, ya poliyurethani, huliwa na unyevu taratibu hadi siku moja inavunjikavunjika vipande ukiwa barabarani, hata kama haijawahi kukanyaga lami. Hewa yetu ya pwani inaharakisha hilo.

Zile feki mpya zinazopangwa madukani kwa bei ya kuvutia ni mtihani mwingine. Nyingi zina sponji ngumu na gundi ya kubahatisha, na namba zake hazifuati kipimo cha mtu yeyote. Kwa kutembea zinafaa. Kwa kilomita 21 ningechagua mtumba mzima mbele yake.

Kwa pesa yako, mimi ningefanya hivi. Ningetafuta raba mpya ya kawaida, ya toleo la mwaka jana au juzi, kutoka kampuni yoyote ya viatu vya kukimbia. Kampuni hizi hutoa toleo jipya karibu kila mwaka na lililopita linashushwa bei wakati mguu wa binadamu haujabadilika toleo. Hiyo ingekuwa ya mbio ndefu. Pesa iliyobaki ingenunua jozi ya pili, hata ya mtumba uliopita majaribio ya hapo juu, kwa mbio fupi za katikati ya wiki. Luxembourg, utafiti wa 2015 uliofuatilia wakimbiaji 264 uliona kwamba waliokuwa wakibadilisha jozi zaidi ya moja waliumia kidogo kuliko waliokimbilia jozi moja. Haithibitishi kwamba jozi ya pili ndiyo iliyowakinga, ila inanifanya nipende jozi mbili zinazotosha kuliko moja ya kifahari. Hizo 39 zako mpe mwenye mguu mdogo, au zibaki za kwendea sokoni. Usizikimbilie tena, hata "kuzimalizia".

Za kaboni mwambie kocha asubiri. Zina bamba gumu ndani na sponji nene, na kanuni za riadha za dunia zimeweka kikomo cha unene wa soli cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Zinawasaidia watu wanaokwenda kasi sana, wenye vifundo na mapaja yaliyozoea miaka mingi. Madaktari wa michezo wameshaeleza wagonjwa, japo wachache, waliopata nyufa kwenye mfupa wa katikati ya mguu wakizitumia. Zinachakaa haraka na bei yake unaijua. Ukitimiza mbio mbili tatu tutazungumza.

Na babu zetu peku. Rafiki yako bila shaka anamfikiria Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Ila miguu yake ilikuwa imezoea, na aliposhinda tena Tokyo mwaka 1964 alikuwa amevaa viatu. Aliyekulia kwenye ndala na viatu vya ofisini asijaribu habari za peku kwenye lami ya Mandela Road.

Kuhusu muda: mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari. Raba mpya ziwe mguuni mwako wiki nne au tano kabla, uanze nazo mbio fupi, na angalau mara moja uzikimbilie kilomita 15 au zaidi. Kama huku Dar huna mlima, tafuta daraja au barabara yoyote yenye mteremko uushuke mara kadhaa ukiwa nazo. Afadhali vidole vilalamike hapa kuliko kule Mweka.

Kucha zenyewe sasa. Zikate fupi na kwa mstari ulionyooka, usichonge pembe. Usizing'oe, wala usikubali mtu akutoboe na sindano iliyochomwa moto. Ukucha unaweza kudondoka wenyewe baada ya wiki kadhaa, mwingine unakua chini yake, na kwa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukamilika. Kama ukucha umevia damu leo au jana na unapwita usiku kucha, nenda hospitali, wanaweza kuitoa damu hiyo kwa usafi na maumivu yakaisha papo hapo. Ukiona usaha, wekundu unaopanda au kidole kimevimba, usisubiri.

Lipo la kutazama kwa macho yako mwenyewe. Weusi wa damu husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Piga picha leo, piga tena baada ya mwezi, ulinganishe. Weusi usiosogea, mstari mweusi unaozidi kupanuka, au rangi iliyoingia kwenye ngozi ya pembeni, upeleke kwa daktari wa ngozi, hata kama una hakika ulijigonga. Saratani ya chini ya ukucha ni adimu, lakini ndiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley, naye mwanzoni alidhani ni jeraha la mpira. Kwako, vidole viwili kwa pamoja baada ya kuanza raba fupi, sababu iko wazi. Angalia tu kwamba weusi unasogea.

Ganzi nayo ikiisha ndani ya dakika chache ukivua kiatu, haina neno, dawa yake ni nafasi. Ikibaki masaa, ikikuamsha usiku, au ikija kwenye miguu yote miwili hata ukiwa umekaa, nenda ukapime sukari kwanza kabla ya kununua kiatu chochote. Mwenye kisukari asichague raba kwa raha peke yake, kwa sababu mguu wake unaweza usimwambie ukweli.

Maumivu ya mfupa yana sheria yake: ukiweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, pakawa juu ya mfupa, na pakauma zaidi kila siku ukikimbia hadi yanakufuata kitandani, acha kukimbia hadi uonwe. Vilevile kama mguu mmoja umeanza kulala ndani hivi karibuni huku mwingine ukiwa kama zamani, na huwezi kunyanyuka kwa vidole ukisimamia mguu huo peke yake. Hapo neno "miguu bapa" linakuwa na uzito, na haliponi kwa raba ya dukani.

Kwa hayo yote anza na kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa ya mkoa wako, watakupeleka Taasisi ya Mifupa Muhimbili wakiona inafaa. Yakikukuta ukiwa tayari umefika Moshi, hospitali ya KCMC ipo. Ukienda, beba raba unazokimbilia kwenye mfuko, na usizioshe kwanza. Soli iliyochafuka na kulika inatueleza mengi ambayo mguu wenyewe, ukiwa umelala juu ya kitanda cha kliniki, hausemi.